Projekta moja, wanafunzi 74

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha Fizikia Kidato cha Pili na cha Tatu katika shule ya kata mkoani Lindi, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Wahisani wametuletea projekta moja na kompyuta mpakato moja. Mkuu wa shule amefurahi sana, anasema kila akipita anataka kuona TEHAMA inatumika darasani. Kidato cha Pili A wako 74. Umeme tunao lakini unakatika, na intaneti ni bando la simu yangu. Wiki mbili za mwanzo nilitengeneza slaidi za mada nzima ya saketi za umeme, nikawaonyesha na video. Walifurahi mno, hata wale wa nyuma walitulia kimya. Lakini jaribio lilipofika, wastani ulishuka kutoka 41 hadi 33. Nakosea wapi? Na kwa hali yetu hii, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hongera kwa jambo moja ambalo pengine hukulitilia maanani: uliziandika zile namba mbili. Walimu wengi wanaopata projekta hunieleza jinsi darasa lilivyochangamka, na hadithi inaishia hapo. Wewe ulisahihisha, ukatafuta wastani, ukashtuka. Hapo tuna pa kuanzia.

Kabla ya kuihukumu projekta, yaweke majaribio yote mawili mezani uyalinganishe. Kama la kwanza lilikuwa la kutaja na kueleza maana, na hili la pili limejaa hesabu za ukinzani, basi sehemu ya zile alama nane imetoka kwenye maswali yenyewe. Lakini sidhani kama zote zimetoka huko. Ulichosimulia nimekiona katika madarasa mengi, na la kwanza lilikuwa langu mwenyewe.

Jiulize: katika vipindi vile, mikono ya wanafunzi ilikuwa inafanya nini? Ukifundisha kwa chaki, mwendo wako unabanwa na mkono wako. Unachora betri, unasita, unachora swichi, unafuta waya uliokwenda upogo, na mtoto wa dawati la mwisho anakufuata mstari kwa mstari kwenye daftari lake. Ile dakika moja na nusu unayoona umeipoteza, yeye ndiyo aliyoitumia kung'amua kwamba waya lazima urudi ulikotoka. Slaidi inaitoa saketi nzima kwa kubonyeza mara moja. Wewe unasoma maandishi kwa sauti, yeye anayasoma kwa macho, na papo hapo anajitahidi kuyanakili kabla hujabonyeza tena. Ni kazi tatu kwa kichwa kimoja, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo juzijuzi tu alikuwa anaisoma kama somo mojawapo la shule ya msingi. Ule utulivu wa wa nyuma uliokufurahisha ni utulivu wa kibanda umiza: watu wamekaa, wanatazama, na wakitoka nje kila mmoja ana hadithi yake.

Wala si watoto wetu tu wanaodanganyika hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi wa fizikia ya mwanzo. Wengine walisikiliza mhadhara uliopangwa vizuri na mhadhiri stadi, wengine walipewa mambo yaleyale wahangaike nayo kwanza katika vikundi. Waliohangaika walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani, lakini walipoulizwa wenyewe, ndio waliodhani wamejifunza kidogo. Kwa hiyo furaha ya darasa ifurahie kama mwalimu, ila usiisome kama alama.

Nikuambie na yangu. Nilipokuwa mkufunzi kijana chuo cha ualimu niliazima projekta mjini, nikakesha siku mbili nikiandaa slaidi 40 za mawimbi, zenye rangi na maandishi yanayoingia yakizunguka. Umeme ulikatika nikiwa slaidi ya sita. Nikageuka nitumie ubao, nikakuta ubao mtupu; hata tarehe sikuwa nimeandika. Wanachuo wakanitazama, nikawatazama. Kilichoniuma baadaye ni kwamba ningeweza kuendelea, maana mawimbi nayajua na kamba ya kuyaonyesha ilikuwepo stoo, lakini somo langu lote nilikuwa nimelihamishia ndani ya mashine. Tangu siku ile kila ambacho mwanafunzi anapaswa kuondoka nacho kwenye daftari huwa ninakiandika kwa chaki, hata kama projekta inawaka vizuri pembeni.

Sasa nianzie wapi, umeuliza. Weka kompyuta pembeni, uchukue azimio lako la kazi la mwaka na kalamu nyekundu. Pita mada kwa mada, utie alama pale tu ambapo chaki inashindwa. Chaki inashindwa kwenye kitu kinachotembea au kubadilika, kwenye kitu kisichoonekana kwa macho, na kwenye kitu kilicho mbali, ghali au hatari mno kuletwa darasani. Elektroni kwenye waya, chembe za gesi inayopashwa joto, mwezi unavyobadilisha sura: tia alama. Maana ya msongo, vipimo vya SI, kukokotoa ukinzani: acha, chaki inatosha na inafanya vizuri zaidi. Nilipofanya zoezi hili kwa masomo yangu ya mwaka mzima sikuzidi sehemu kumi na mbili, na kila moja ilihitaji dakika kumi au kumi na tano za mashine, si kipindi kizima. Ndiyo TEHAMA yote unayoihitaji mwaka huu.

Tuchukue mada iliyokuangusha, tuirudie.

Pakua kifaa kiitwacho Circuit Construction Kit: DC kutoka PhET. PhET ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja tu baada ya kupata tuzo ya Nobel ya fizikia, na vifaa vyake ni majaribio ya kuigiza kwenye skrini ambayo mtu anaruhusiwa kuyatumia na kuyanakili bure. Baadhi vimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa mtu wa bando kama wewe, kuna jambo lenye manufaa zaidi: kila kifaa cha aina mpya ni faili moja la megabaiti chache. Ukishalipakua usiku kwa bando la usiku, unalifungua kwenye kivinjari cha kompyuta bila intaneti kabisa, leo na mwakani.

Ingia darasani, na projekta ibaki imezimwa. Chora ubaoni, polepole kama zamani, betri moja na balbu mbili zinazofanana zilizofungwa kwa mfululizo. Uliza: swichi ikifungwa, ipi itawaka zaidi? A, ya kwanza kutoka upande chanya wa betri. B, ya pili. C, zitalingana. D, hakuna itakayowaka. Wape nusu dakika ya kimya, kila mtu aandike herufi yake daftarini. Kisha waambie wafumbe macho, wabandike vidole kifuani: kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, vinne kwa D. Kufumba macho ni muhimu, la sivyo wote watamtazama yule anayeongoza darasa. Kwa kupitisha jicho mara moja juu ya vifua 74 utajua hali ilivyo.

Nakutabiria kwamba wengi watasema A. Ukiwauliza sababu watakwambia balbu ya kwanza "inakula" umeme, ya pili inapata makombo. Ni fikra ya busara kabisa kwa mtu anayejua maji ya bomba na foleni ya wali kwenye shughuli, na ndiyo maana haifutiki kwa kuambiwa tu. Wageuzie majirani zao, dakika mbili, kila mmoja ajaribu kumshawishi mwenzake. Kelele zitakuwepo. Ziache. Halafu wapige kura tena.

Utaratibu huu aliuanzisha Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, mwaka 1991, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake wanakokotoa vizuri lakini maswali mepesi ya dhana yanawaangusha. Kanuni yake ya kazini ni rahisi. Kama waliopatia ni chini ya theluthi moja hivi, rudi ufundishe upya, maana hakuna wa kumshawishi mwenzake. Kama ni zaidi ya theluthi mbili, sahihisha kwa kifupi uendelee. Katikati ya hapo ndipo majadiliano yanapozaa. Wenzetu wenye fedha hutumia vifaa vya mkononi vya kupigia kura, kila mwanafunzi na chake. Utafiti mmoja wa chuo cha Kanada uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha darasa lenye vifaa hivyo na darasa la kadi za karatasi kwa maswali yaleyale, na katika kujifunza hawakuona tofauti. Vidole ni vya bure zaidi ya karatasi.

Sasa ndipo uwashe projekta. Unga ileile saketi iliyo ubaoni mbele ya macho yao, waya kwa waya, wakikuelekeza wao. Funga swichi. Wataona balbu zinawaka sawa, na wataona kitu ambacho chaki yako isingeweza kuwaonyesha hata ungechora wiki nzima: chembe zinapita kabla ya balbu, kati ya balbu na baada ya balbu kwa mwendo uleule. Hakuna zilizoliwa. Usieleze haraka. Mwite mmoja wa wale waliosema A, asimame aseme alichokiona kwa maneno yake, kwa Kiswahili kama Kiingereza kinamkwama, kisha mlitafute pamoja neno la mtihani. Baada ya hapo zima, rudi ubaoni, andika kanuni, wape hesabu mbili. Projekta imewaka dakika kumi na mbili.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza: kifaa kinakupa uchaguzi wa kuonyesha elektroni au mshale wa mkondo wa kawaida, ule tunaouchora kutoka chanya kwenda hasi. Elektroni zinakwenda kinyume na mshale uliouchora ubaoni. Usipolisema mapema, nusu ya darasa itaondoka ikiamini mmojawapo amekosea, ama wewe ama kompyuta, na watoto wa siku hizi watachagua kompyuta. Wa pili: ukiunganisha waya mtupu kutoka ncha hadi ncha ya betri, skrini itaonyesha betri inashika moto. Watacheka, watataka tena. Waulize kwanza kwa nini, lakini waonye vikali wasiende kujaribu kwa betri ya pikipiki, maana pale hakuna mchezo.

Na usiishie kwenye skrini. Jaribio la kuigiza halikosei kamwe; waya wake haulegei, balbu zake zinalingana kikamilifu. Mtihani wa vitendo unampa mtoto waya unaolegea. Kwa hiyo kipindi kinachofuata lete saketi ya kweli, hata moja tu ya kuonyesha. Tochi za dukani siku hizi karibu zote ni za LED, usizitumie kwa swali hili: LED inapitisha umeme upande mmoja, na chini ya volti fulani haiwaki kabisa, utajikuta unaeleza mambo ya kidato cha juu. Nenda kwa fundi pikipiki, muombe balbu mbili za indiketa za volti 12 za uzi, zenye wati zilezile zilizoandikwa kwenye kitako, na uazime betri ya volti 12 kwa saa moja. Wati zikitofautiana moja itawaka zaidi na somo lote litageuka. Zikilingana, zote mbili zitawaka kwa ufifi sawasawa, na watoto walioona elektroni jana watapiga makofi kwa balbu za indiketa.

Umenitajia simu yako kama chanzo cha bando tu. Hiyo simu ni maabara. Kuna programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani na kutolewa mwaka 2016. Inatumia vihisio vilivyomo tayari ndani ya simu, na baada ya kuipakua haihitaji intaneti. Ninaipenda zaidi saa yake ya sauti, inayoanza kuhesabu ikisikia mlio na kusimama ikisikia mlio wa pili. Mwombe mwalimu mwenzako simu yake, toka nje mahali palipotulia, pima mita 5 kwa utepe na uweke simu kila upande. Mwanafunzi wa kwanza anapiga makofi karibu na simu yake, zote mbili zinaanza. Wa pili anapiga kwake, zote zinasimama. Namba za simu hizo mbili hazitalingana, kwa sababu sauti imechukua muda kusafiri kwenda na kurudi. Tofauti yake itakuwa karibu sekunde 0.029. Gawanya mita 10 kwa namba hiyo, utapata kama mita 345 kwa sekunde, na kwa joto la Lindi hilo ni jibu la kujivunia. Usisahau kupandisha kizingiti cha sauti kwenye programu, la sivyo kuku wa jirani ataianzisha saa kabla yenu. Watoto wanaopima kasi ya sauti kwa makofi yao wenyewe hawaulizi tena kwa nini radi inachelewa kusikika.

Kuhusu video nitakuwa mkali kidogo. Nyingi zimetengenezwa kwa watoto wa mbali, zinasemwa kwa kasi na kwa lafudhi ambayo hata mimi narudia mara mbili, na katikati mna vichekesho vya huko. Pakua fupi, dakika tatu au nne, kwa ubora wa kati; ya dakika kumi itakula megabaiti 80 hadi 100 za pesa yako. Kisha fanya wanavyofanya wale jamaa wanaotafsiri sinema za Kihindi na Kichina mitaani: zima sauti, wewe ndiye uongee. Simamisha kabla jambo halijatokea, uliza kitakachotokea, endelea. Utashangaa video ya dakika tatu inavyojaza dakika kumi na tano. Nilipoanza kufanya hivi niligundua pia kwamba video nyingi nilizokuwa nazisifu hazina kitu ukiziondolea muziki.

Sasa kuna hazina ambayo haina picha wala muziki, na kwa maoni yangu inazizidi zote. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hutoa kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, Kidato cha Pili na cha Nne. Humo wameeleza swali kwa swali wangapi walipata, waliokosa walikosea wapi, na wameweka nakala za majibu yenyewe kwa mwandiko wa watahiniwa, mazuri na mabaya. Ningekuwa na bando la kupakua faili moja tu kwa mwaka, ningepakua hilo la Fizikia. Kila kosa lililorudiwa na watoto wengi ni swali la kura lililokwisha kuandaliwa: jibu sahihi liwe C, na yale makosa yawe A, B na D. Unaweza hata kuwaonyesha kwa projekta jibu bovu lile, lisilo na jina la mtu, uwaambie walisahihishe kama wao ndio wasahihishaji. Wanafunzi wangu hawakuwahi kuwa wakali kama siku walipopewa kalamu nyekundu. Vitabu vya kiada navyo viko kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vinasomeka bila malipo. Kama shule ina vitabu vichache, mchoro wa ukurasa mmoja ukutani unaokoa kipindi.

Nije kwenye vyuma na nyaya, ambavyo semina nyingi huviruka.

Jua la pwani ni adui wa projekta kuliko TANESCO. Usihangaike kuziba madirisha yote. Tafuta sehemu ya ukuta ambayo mwanga wa dirisha hauipigi moja kwa moja, hata kama ni kona, tundika shuka jeupe lililonyooshwa, kisha isogeze projekta karibu. Ukipunguza umbali kwa nusu, eneo la picha linabaki robo, na mwanga uleule ukiminywa kwenye robo ya eneo unang'aa mara nne. Waeleze na watoto, ni fizikia yao. Picha ndogo inayoonekana inashinda kubwa iliyopauka, mradi maandishi yawe makubwa na machache. Kabla ya kipindi kaa dawati la mwisho kabisa ujaribu kusoma.

Projekta za taa hupata joto kali, na feni yake huendelea kuipoza dakika chache baada ya kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla feni nayo inasimama, taa inabaki na joto lote, na umri wake unapungua. Taa mpya ni ghali. UPS ndogo, yaani betri ya akiba kama ile ya kompyuta ya ofisini, inakupa dakika za kuizima kwa utaratibu. Ombeni hiyo kabla hamjaomba kompyuta ya pili. Na vipindi vya dakika 40 vitakuua kwa kubeba na kufunga nyaya. Zungumza na mtaaluma akupe vipindi viwili mfululizo siku zile kumi na mbili, au muiweke mashine mahali pamoja penye kufuli, maabara kwa mfano, na wanafunzi ndio wahame.

Jioni umeme ukiwepo, jaribu hili: bandika karatasi ya manila ukutani, au mfuko wa salfeti uliogeuzwa ndani nje, rusha juu yake mchoro wa jicho au wa injini, uchore ukifuatisha mistari kwa kalamu ya wino mzito. Ukizima projekta unabaki na chati safi ya miaka mitano isiyojua kukatika kwa umeme. Mwalimu wa Jiografia akiona hivyo atakuja kukuazima mashine, mpe.

Flashi. Lazima uwe nazo mbili. Moja ni ya kwenda steshenari kuchapa mitihani, na hiyo ihesabu kama mgonjwa wa kudumu, itaambukizwa virusi vya kugeuza mafaili yako yote kuwa vijialama visivyofunguka. Ya pili ina nakala ya kazi zako zote na haitoki nje ya shule wala haiingii kwenye kompyuta nyingine. Nilipoteza maandalio ya muhula mzima kwa kuwa na moja.

Kazi za nyumbani kwa WhatsApp za wazazi usizitume. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na nyumbani wengi mzazi ana kitochi tu. Utakuwa unafundisha wale wenye simu janja na kuwapa sifuri wasio nayo. Akili mnemba itumie wewe, si wao, na kwa kazi ndogo: kukutungia majibu ya uongo yenye kushawishi kwa maswali ya kura, au kukuandikia upya aya ngumu kwa Kiingereza chepesi. Hesabu zake zikokotoe upya mwenyewe kila mara, kwa sababu inakosea kwa kujiamini kama mjumbe wa kamati. Majina na alama za wanafunzi usiingize humo, wala picha zao usizirushe mitandaoni kuonyesha kwamba shule ina projekta. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, ni watoto wa watu.

Limebaki la mkuu wako wa shule. Usibishane naye kuhusu dakika kumi na mbili dhidi ya kipindi kizima; hajui, na hakuna aliyemfundisha. Ukitaka, msimulie ya Peru, ambako serikali iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto wa shule za msingi, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikakuta alama za hisabati na lugha hazikupanda. Lakini bora zaidi umpelekee karatasi moja: tarehe zako kumi na mbili za mwaka, mada, kifaa, na sababu ya mstari mmoja kwa nini chaki haitoshi hapo. Akija mdhibiti ubora, hiyo ndiyo atakayoionyesha. Chini ya karatasi andika mahitaji mawili: UPS, na bando la shule kutoka kwenye fedha za uendeshaji, maana kufundishia kwa pesa ya mfuko wako si jambo la kuzoeleka.

Na mada ya saketi uifundishe tena kwa Kidato cha Pili B, kama bado hawajaisoma, kwa utaratibu huu, uwape jaribio lilelile walilopewa A. Kipindi cha balbu mbili mkaribishe mkuu, akae dawati la nyuma. Ukifika kwenye swali, mwambie naye afumbe macho aweke vidole kifuani.